Ijumaa ya Makosa

Skrubu ya mwisho ilikataa. Shifa akaibana pasi baina ya magoti, akaegemea bisibisi kwa uzani wake wote, ikalia kidogo, ikaachia. Ganda la plastiki lililoyeyuka likabanduka na vipande vya masizi. Akapuliza, akatazama ndani.

Pale panapokaa fyuzi ya joto, kile kidude chembamba kinachokata umeme pasi ikizidi moto, hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na kipande cha waya wa shaba. Kimeviringwa vizuri, na ncha zake zimekunjwa kwa ndani zisije zikachoma kidole.

Mkunjo ule aliujua. Siku ulipofundishwa kwenye video, yeye ndiye aliyeshika simu ya kurekodi.

Akapiga simu.

“Fahmi, uko wapi?”

“Niko Shimanzi, natafuta mota kuukuu kwenye magodauni. Khalati aendeleaje?”

“Njoo hapa nyumbani. Juu.”

“Juu wapi? Si wamesema watu wasipande, boriti zimeungua?”

“Mimi nimepanda. Njoo.”

Fahmi alikuwa mchumba wake. Posa ilishapokelewa, harusi ikangoja mwezi wa mfungo sita. Mji wa Kale wote ulimjua kwa video zake za kutengeneza vitu vya nyumbani: blenda, feni, redio, friji ambazo wenyewe walishazilia matanga. Alipanda ngazi na mfuko wa vyuma begani, akakanyaga majivu, akasimama. Chumba kile ndicho alichopigia pasi Khalati Maisara, dada wa mamake Shifa, miaka yote, kanzu za watu wa mtaa, za Ijumaa na za harusi. Sasa dari ilikuwa wazi, na kanzu zilizosalia zilining'inia kama matambara ya jikoni.

“Tazama,” Shifa akasema, akamtia pasi mkononi.

Akatazama.

“Huo mkono wa nani?”

“Si wangu. Mimi sijaigusa pasi ya khalati.”

“Sikukuuliza kama umeigusa. Nimekuuliza mkunjo ni wa nani.”

“Shifa, watu chungu nzima wakunja waya hivyo siku hizi.”

“Wamejifunza kwa nani?”

Chini kichochoroni mtu wa maji alipita na mkokoteni wake. Fahmi akangoja sauti ile ipotee, kana kwamba ndiyo iliyomzuia kujibu.

“Pasi ilimzimikia khalati,” Shifa akaendelea. “Hakukuita, aliona haya kumsumbua mkwewe. Akatazama video yako kwa simu yangu. Akaniambia, ‘Kumbe pasi ikifa ni waya tu, mwanangu Fahmi ndivyo asemavyo.’ Nami nilikuwa nakuna nazi. Nikasema ehe.”

“Mimi sikusema ni waya tu.”

“Mimi ndiye niliyesema. Nyuma ya simu. Nilisema, ‘Waambie huo waya ni wa kujaribia. Ukishajua ubovu uko wapi uutoe, utie fyuzi mpya.’ Ukacheka, ukasema, ‘Mmemsikia bosi.’ Iko wapi sehemu hiyo?”

“Niliikata.”

“Kwa nini?”

“Ilikuwa ndefu. Watu hawatazami kitu kirefu, Shifa. Wataka kuona pasi imekufa, pasi imefufuka, basi.”

Shifa akaichukua pasi, akaifunga kwa leso kama mtu afungaye mtoto.

“Ijumaa utasema,” akamwambia.

Fahmi alielewa. Kila mtu wa grupu la Fungua Tuone angeelewa. Grupu hilo la mafundi kwenye simu lilianzishwa na Kaneez, mwenye duka la vipuri vya umeme, na lilikuwa na mila moja tu isiyovunjwa: siku ya Ijumaa hakuna anayeweka kazi iliyofaulu. Siku hiyo waweka ulichoharibu. Feni uliyoifunga mbawa kinyume, koili uliyoiunguza, kidole ulichokitoboa. Waliiita Ijumaa ya Makosa, na ndiyo iliyowakutanisha hawa wawili. Fahmi aliweka picha ya jiko la mamake, blenda aliyoitengeneza imetapika chatini ya ukwaju mpaka darini. Shifa, ambaye alikuwa akijifunza kusuka mota za feni na hajawahi kuandika neno kwenye grupu, akamwandikia: “Ukuta una chumvi ya kutosha?” Akajibiwa: “Haba kidogo. Njoo uonje.” Alimpenda kwa hilo. Mwanamume asiyeona haya kuonyesha ukuta wake.

“Ijumaa hiyo hiyo,” Shifa akasema, “wazee wa mtaa watakaa na mjombako, mwenye nyumba, baada ya sala. Yeye amesambaza kuwa khalati alisahau pasi. Wakikubali hivyo, khalati hapandi tena ngazi hizi. Wewe ukisema ukweli, chumba chake kitatengenezwa na atarudi. Wajua hilo?”

“Najua.”

“Basi?”

“Nitasema. Kwa wazee na kwenye grupu. Wallahi nitasema.”

*

Nyumba waliyopanga Shifa na khalati ilikuwa ya Bwana Taib, mjomba wa Fahmi. Khalati Maisara alihifadhiwa kwa jirani, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Shifa alimlisha uji kwa kijiko.

“Khalati, nieleze tena.”

“Niliishusha moto mpaka chini, nikaisimamisha, nikaenda kutia udhu. Kurudi, meza yawaka. Nami mjinga nikaishika kwa mikono niitupe nje.”

“Uliishusha moto?”

“Naona niliishusha. Labda sikuishusha. Wote wasema nilisahau, mwanangu, huenda nilisahau.”

“Hukusahau. Swichi ya moto ilikuwa imeganda, ungeizungusha ungechoka. Ndiyo maana fyuzi ilikata mara ya kwanza. Ilikuwa yakuambia.”

“Basi nimeifunga mdomo.”

“Si wewe.”

Mlango ukabishwa. Bwana Taib aliingia na sahani ya halua, akaketi bila kuegemea, koti lake limekaa vizuri.

“Masalkheri.”

“Masalkheri, Bwana Taib. Karibu.”

“Bi Maisara, hakuna anayekulaumu. Umri ni umri.”

“Umri wake na wako ni mmoja, ami,” Shifa akasema.

Bwana Taib akatabasamu. “Ndiyo maana mimi sipigi pasi.”

Hata jirani alicheka kabla hajajizuia.

“Nimekuja kwa wema,” Bwana Taib akasema. “Ijumaa, mbele ya wazee, useme kwa roho safi kuwa ulisahau. Ukisema hivyo sitakudai ukuta, wala sitaruhusu wenye kanzu wakudai. Utaondoka na heshima yako.”

“Niondoke niende wapi, bwana? Mimi nimezaliwa kichochoro hiki.”

“Ng'ambo kuna nyumba nyingi. Zina hewa.”

Mtaa huu wasahau haraka. Sisi wengine wa kichochoro hiki tumekataa kusahau. Nyumba ya kona ilipoungua, walisema mjane wa muuza kahawa alisinzia na koroboi. Leo ina kibao cha kulaza wageni, na chumba alichosinzia kina bafu la vigae. Ile ya nyuma ya kisima, walisema watoto walichezea kiberiti. Watoto wamekulia Kisauni, chini pauzwa kahawa ya povu. Kila moto wa mtaani kwetu una maskini aliyesahau kitu. Sijasikia hata siku moja mwenye nyumba aliyesahau.

Bwana Taib alipotoka, khalati akamtazama Shifa.

“Usimgombanishe Fahmi na mjombake. Ni wenu wa kesho hao.”

“Fahmi atasema mwenyewe. Ameapa.”

“Ameapa?” Khalati akafumba macho. “Basi alhamdulillahi.”

*

Alhamisi Kaneez alipiga simu.

“Shifa, pole sana kwa khalati. Na hongera pia, ingawa hongera za wakati huu zina uchungu.”

“Hongera ya nini?”

“Ya karakana. Fahmi alikuja dukani kuagiza rafu na taa. Asema mjombake amempa sehemu ya chini nyumba ikishafanyiwa marekebisho. Si nyumba hiyo yenu?”

Shifa akaihamishia simu sikio la pili.

“Nilidhani wajua,” Kaneez akasema polepole.

“Sasa najua.”

Akamwandikia Fahmi.

“Karakana ya nani?”

“Nilitaka kukwambia.”

“Lini?”

“Ni yetu sote. Mimi nawe. Mjomba asema tukioana twaweza kuishi juu.”

“Juu kwa khalati?”

Alama ya kuandika ikaja, ikapotea, ikaja tena.

“Huyo khalati hatutamtupa, Shifa. Atakuja kututembelea.”

“Atakuja kukutembelea chumbani mwake.”

“Kesho nitasema. Nilishaapa. Usinihukumu kabla.”

Shifa alifungua ukurasa wa Fahmi aitazame tena ile video ya pasi. Haikuwepo. Kwa muda mfupi alifurahi. Alidhani amejuta, ameitoa isimchome mtu mwingine. Kisha akatambua kuwa kilichotolewa ni ushahidi.

*

Ijumaa, wazee walikaa kwenye kibaraza cha nyumba ile ile, mgongoni mwao ukuta bado una weusi wa moshi. Khalati Maisara aliketi ndani ya mlango, kwenye kiti cha kuazima, mikono mapajani. Shifa alitoka nje bila kuitwa, akafungua leso, akaiweka pasi mbele yao.

“Wazee wangu, pasi hii iliungua kwa sababu ya waya uliotiwa mahali pa fyuzi. Mwenye kuutia alifundishwa na video. Video hiyo ilikatwa onyo.”

Mzee mkubwa akainama, akaitazama pasi kama atazamaye samaki asiyemjua.

“Binti yangu, sisi haya hatuyajui. Yataka fundi.”

“Fundi tunaye,” Bwana Taib akasema. “Tena wa nyumbani, asiye na upande. Fahmi, njoo.”

Fahmi alitoka nyuma ya watu. Kanzu yake ilikuwa imenyooka, na Shifa akajikuta akijiuliza ni nani siku hizi anayempigia pasi. Akaichukua ile pasi, akaigeuza kwenye mwanga, akatia kidole ndani. Kila mtu alingoja kidole kile.

“Imeungua sana,” akasema. “Siwezi kujua.”

“Fahmi,” Shifa akamwita. “Hicho ulichokigusa ni waya au si waya?”

“Ni waya.”

“Haya, waambie.”

“Pasi zote zina waya, Shifa.”

Hakumtazama alipolisema. Aliitazama pasi, akairudisha chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuivunja.

“Huo mkunjo ni wako,” Shifa akasema. “Niliushikia simu. Pua yangu ilikuwa karibu kugusa mkono wako.”

“Binti ana uchungu,” Bwana Taib akasema. “Tumsamehe.”

Na hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya mlango, ndogo, ya mtu anayetaka watu wakale chakula cha mchana.

“Nilisahau. Mwacheni kijana wa watu. Mimi nilisahau.”

“Khalati, usiseme.”

“Nimesema. Nilisahau, wazee wangu. Mniwie radhi kwa kanzu zenu.”

Mzee mkubwa akapangusa mikono.

“Bi Maisara amelimaliza kwa uungwana,” akasema. “Mungu amlipe.”

Wakanyanyuka. Kanzu zote zile zilizonyanyuka, ni mikono ile iliyofungwa bendeji ndiyo iliyozinyoosha miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyelitaja hilo. Twakumbuka nani alikuwepo, na nani alitangulia kuvaa viatu.

*

Alasiri simu ya Shifa ilianza kuita meseji za grupu. Ilikuwa Ijumaa ya Makosa.

Fahmi alikuwa ameweka picha. Chaja ya simu, imeungua pembeni kidogo. Chini yake ameandika: “Ndugu zangu, leo ni zamu yangu. Nimechanganya chanya na hasi, nikaiunguza. Fundi asiyekiri kosa hajifunzi. Tusameheane.”

Makofi yakamiminika. Samuel, mwanafunzi wa mtaa wa Buxton, akaandika: “Ndiyo maana twakupenda, kaka. Wewe hufichi.”

Shifa akaweka picha ya pasi, tumbo wazi, waya waonekana. Akaandika: “Na hili? Hili ni la nani?”

“Dada,” Samuel akajibu, “kanuni ni mtu kuweka kosa lake mwenyewe, si la mwenzake.”

“Tumwombee Shifa,” Fahmi akaandika. “Nyumbani kwao kumeungua. Hajatulia akili.”

Mikono ya dua ikajaa kwenye kioo cha simu. Watu aliokuja kuwafundisha kusuka koili walimwombea atulie akili.

Kisha Kaneez, ambaye Fahmi alikuwa na desturi ya kumtumia kila video aikague kabla hajaikata, akaweka video. Hakuandika kitu. Video nzima ya pasi, ndefu, haijaguswa. Mikono ya Fahmi yakunja waya, na nyuma ya simu sauti ya msichana yasema wazi: “Waambie huo waya ni wa kujaribia. Ukishajua ubovu uko wapi uutoe, utie fyuzi mpya. La sivyo mtu ataungua.” Na sauti ya Fahmi, yenye furaha: “Mmemsikia bosi.”

Mikono ya dua ikaanza kufutwa, mmoja mmoja. Kisha kioo kikasema: Fahmi ameondoka.

Shifa alikimbia na simu mpaka kwa mzee mkubwa. Mzee akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba airudie. Akavua miwani.

“Binti yangu, usemalo ni kweli.”

“Basi waite tena.”

“Niwaite niwaambie nini? Bi Maisara amekiri kwa kinywa chake mbele ya watu. Bwana Taib amekubali kutomdai. Fahmi ni mchumba wako. Nikilifungua, nyumba mbili zitapasuka.”

“Nyumba moja imeshaungua, mzee.”

“Ndiyo maana nataka zilizobaki zisalimike.” Akamrudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu kubwa. “Subiri, binti yangu. Subira ni ibada.”

*

Siku ya kuhama, tuktuk haikuweza kuingia kichochoroni kwa mchanga na saruji ya Bwana Taib. Walibeba vitu kwa mikono. Fahmi alisimama kando ya mlango, ametapakaa chokaa.

“Niruhusu nibebe.”

“Kaa hapo hapo.”

“Shifa, nisikilize. Niliogopa.”

“Hata mimi niliogopa. Nikafungua pasi.”

“Ningesema, ningepoteza kila kitu. Jina, wafuasi, mjomba.”

“Umebaki na nini?”

Fahmi alitazama ndani. Rafu mpya zilishatundikwa.

“Karakana,” Shifa akamjibia.

“Nakupenda. Nikuapie kwa lipi?”

“Usiape. Nilishasikia kiapo chako.” Akavua pete, akaiweka juu ya mfuko wa saruji. “Sijasema hunipendi. Wanipenda sana. Ungenitengenezea feni usiku na mchana. Lakini siku nyumba inapoungua, wewe wasema pasi zote zina waya. Mtu wa namna hiyo siwezi kulala karibu naye, nitakuwa nanusa moshi maisha yangu yote.”

“Nikienda sasa hivi kwa wazee?”

“Nenda.”

Hakwenda. Alisimama pale mpaka gunia la mwisho lilipopita, kisha mtu akamwita ndani ashike ngazi, akaingia akaishika.

*

Sasa wako Kisauni, chumba kimoja cha mabati. Mikono ya khalati imepona kwa jina tu. Vidole havikunji, kikombe hukishika kwa viganja viwili. Nguo za pasi hakuna tena anayempelekea. Bwana Taib analaza wageni, na kwenye picha za matangazo ukuta ule mweusi umepakwa rangi ya maziwa.

Video ya pasi Fahmi aliifuta, lakini kitu cha namna ile hakifutiki. Watu walishaichukua ile fupi, iliyokatwa. Wametia muziki. Wametia vicheko. Inazunguka Malindi, inazunguka Tanga, kila siku watu wapya wanashukuru chini yake. “Imekubali.” “Mungu akuzidishie, kaka.” “Pasi ya mamangu imefufuka.”

Shifa amekaa mlangoni na simu. Kila anayeshukuru, anamwandikia maneno yale yale: “Utoe huo waya. Tia fyuzi mpya. Nyumba itaungua.” Wengi hawajibu. Wengine humtumia kidole gumba.

“Wazungumza na nani mchana kutwa?” khalati akauliza kutoka kitandani.

“Na mwanamke wa Tanga. Ametia waya kwenye pasi yake.”

“Mwambie autoe.”

“Nimemwambia.”

“Asemaje?”

Shifa akasoma jibu.

“Aniuliza mimi ni nani.”